Mama Beseni na Mbuzi wa Zawadi

Baada ya miaka thelathini na nne ya kuchungulia midomo ya mbuzi, kupima joto la ng'ombe mahali ambapo joto la ng'ombe hupimwa, na kugombana na madereva wa malori kwenye vizuizi, mwenzetu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Barua yake ya kuajiriwa inamtaja kama Msaidizi wa Maabara. Barua ya kustaafu inamwita Afisa Mwandamizi wa Ufuatiliaji wa Magonjwa ya Mifugo. Katikati ya barua hizo mbili watu wamemwita Mama Beseni, na ndilo jina litakalotumika hapa, kwa sababu hilo la kwenye barua ukilisema lote chai inapoa.

Jina lilitokana na beseni la plastiki la bluu analolifunga nyuma ya pikipiki yake. Akifika kwa mfugaji, kabla hata ya salamu kuisha, beseni liko chini, maji yamemiminwa, dawa imetiwa. Anaosha buti zake kabla ya kuingia zizini, anaziosha tena akitoka, na yeyote aliyefuatana naye ataosha zake, awe nani. Anasema ugonjwa husafiri kwa kiatu cha mtu na haulipi nauli. Siku moja alikuja mkubwa kutoka makao makuu, amevaa viatu vya ngozi laini ya bei mbaya. Alipoambiwa aviingize beseni, alicheka, kisha akaona kuwa mwenzake hacheki. Mwishowe alivua viatu akalitembelea zizi zima kwa soksi. Sisi tuliofuata nyuma tulijua kazi imekwisha, tunarudi vijijini kwetu kulima. Mwaka uliofuata mkubwa yule alitutumia mabeseni kumi.

Hata kwenye harusi ya binti yake beseni lilikuwa getini, maana wageni karibu wote walikuwa wafugaji. Shangazi wa bwana harusi, mgeni wa mila za nyumba ile, alidhani ni la kunawia mikono. Alinawa vizuri mpaka kwenye viwiko, akashukuru, akasema ila maji ya huku yana harufu ya hospitali.

Hakuwa malaika, na hatutamfanya malaika kwa sababu ya siku moja. Mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga wino. Akiimba, mbwa wa mlinzi huondoka. Maneno aliyowahi kuwaambia madereva wanaopitisha mifugo bila kibali hayawezi kuchapishwa kwenye kijitabu kitakachosomwa na watoto. Mimi ninayeandika nimekaa meza inayopakana na yake tangu nilipoajiriwa, na nusu ya kalamu zilizopo nyumbani kwake ni zangu.

Kwa wageni wasiotufahamu, kazi ya ofisi yetu ni kujua ugonjwa wa mifugo uko wapi kabla haujafika kwingine. Tunayo maabara, tunalo jokofu la chanjo, tunalo gari linalowaka siku linapojisikia. Lakini vyote hivyo ni mapambo mpaka mfugaji mmoja aamue kusema kwamba mnyama wake anaumwa. Na kusema kunamuumiza. Akisema, zizi lake linafungwa, mnada unafungwa, majirani wanamnunia. Akinyamaza, anapakia mbuzi kwenye lori asubuhi na mapema, na ugonjwa unashuka nao mji wa pili. Maisha yote ya kazi ya Mama Beseni yalikuwa na swali hilo moja: huyu atasema, au atanyamaza? Na ukitaka kujua kwa nini kwenye eneo letu watu husema, lazima uisikie habari ya mbuzi wa zamu.

Habari hiyo tuliogopa kuiweka humu. Tulimpelekea rasimu isiyo nayo, akairudisha imepigwa mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Alisema tukiiruka hiyo, basi na yeye tumruke. Kwa hiyo tunaisimulia kwa amri yake.

Wakati huo alikuwa msichana wa maabara, mwembamba, mwenye haraka, aliyezoea kumaliza sentensi za watu. Barua ya kwenda kusomea udaktari wa mifugo ilikuwa imeshafika. Mama yake alikuwa ameshawatangazia ndugu wa karibu na wa mbali, na baba yake mdogo alikuwa ameshaanza kumwita Daktari mbele za watu, ili wamzoee.

Nyuma ya kituo kulikuwa na mbuzi wachache waliofugwa bila kuchanjwa, kwa makusudi. Sisi huwaita mbuzi wa zamu. Wanakula na kunywa pamoja na mbuzi wa jirani, na kila baada ya muda damu yao inapimwa. Sotoka ya mbuzi, ugonjwa unaowaua kwa homa na kuhara, ikipita karibu, damu yao ndiyo itakayotuambia kwanza. Ni kazi ya uchungu kidogo ukiifikiria: mbuzi hao wameachwa wazi ili wengine wapone. Msichana wetu hakuwa amefundishwa sawasawa hao wako pale kwa ajili ya nini. Alijua tu kuwa hawachanjwi, akadhani ni uvivu wa waliomtangulia.

Jioni moja timu ya chanjo ilirudi kutoka mashambani na chupa ya chanjo ya sotoka ambayo haikuisha. Chanjo ikishachanganywa haikai, inamwagwa siku hiyohiyo. Akaitazama chupa, akawatazama mbuzi wa zamu na vitoto vyao vinavyorukaruka juu ya ndoo, akaingiwa na huruma. Dawa nzima imwagwe na hawa hapa hawana hata tone! Akachukua sindano, akawachanja wote mmoja baada ya mwingine, akafunga banda, akaenda zake nyumbani moyo mweupe. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona kama kuna cha kusema.

Damu ilipochukuliwa tena, aliyesoma majibu alikuwa yeye mwenyewe. Damu yote ilikuwa na alama za kinga ya sotoka. Tatizo ni kwamba chanjo na ugonjwa wenyewe huacha alama ileile, na mbuzi hao kila mtu alijua hawajawahi kuchanjwa. Mkuu wa kituo alishika kichwa, akasema sotoka imeingia na inazunguka hapa hapa. Ndipo msichana alipoelewa alichokifanya. Anasema aliinama akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Akanyamaza. Hili pia alisisitiza tuliandike. Wakati yeye amenyamaza, simu zilipigwa juu na chini. Mnada ukafungwa, malori yakageuzwa njiani, watu waliokuwa wameleta mbuzi kutoka mbali wakalala nao barabarani. Kisha ikaja amri nyingine: mbuzi wote wa jirani, waliokuwa wakinywa birika moja na wale wa zamu, wachinjwe na wafukiwe.

Jirani alikuwa mama muuza maziwa, mjane, aliyewalea wanawe kwa mbuzi hao. Asubuhi moja alikuja na wifi yake wakakaa chini getini, mgongo ukutani. Hakupiga kelele. Msichana wetu alipopita, yule mama alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, wewe una macho mazuri, hebu nichungulie hawa. Wanaumwa wapi?" Akaenda. Akafungua mdomo wa kila mbuzi, akatazama fizi, akatazama macho, akapapasa chini ya taya. Walikuwa wazima wote. Alikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwa hakika kuwa ni wazima, na kwamba hakuna kipimo wala mtaalamu ambaye angeweza kumuumbua. Angekaa kimya tu, angepanda basi na sanduku lake, na sasa tungekuwa tunamwita Daktari kama baba mdogo alivyotaka.

Akaenda kwa mkuu wa kituo akamweleza yote akiwa amesimama. Mkuu alikuwa mzee mpole. Aliinuka akafunga mlango, akamsihi kama baba anavyomsihi mwanawe. Mbuzi wale watafidiwa, alisema, yule mama atanunua wengine. Wewe nenda kasome, rudi na shahada, utaokoa mbuzi wengi mara mia kuliko hao. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa anampenda, na maneno yake yalikuwa na akili. Msichana alimjibu kwamba akienda shuleni kwa njia hiyo, kila atakapofungua kitabu atamkuta yule mama amekaa getini. Mzee akasogeza chai yake kando, akavuta karatasi akaandika aliyoambiwa.

Amri ya kuchinja ikafutwa, mnada ukafunguliwa. Nafasi ya masomo akapewa mwingine, naye mkuu wa kituo akapata onyo kwa kutowasimamia vizuri watu wake. Msichana aliondolewa maabara akapelekwa kituo cha mashambani ambacho watu hupelekwa wakikosea: chumba kimoja, dirisha lisilofunga, jokofu la mafuta ya taa, na pikipiki inayowashwa kwa kusukumwa. Nyumbani kwao hawakujua wamwambie nini. Baba mdogo aliacha kumwita Daktari, ila hakurudi kumwita jina lake pia, ikawa kwa miezi mingi anamwita "wewe".

Mtu angefikiri mama muuza maziwa alimkumbatia. Wapi! Alimwandama sokoni mbele ya watu. Alimwambia amemliza bure, amemkondesha bure, wifi yake presha imempanda bure, na kama anataka kuchanja mbuzi wa watu, basi aanze na ulimi wake. Lakini baada ya kumaliza kufoka aligeuka akawaambia waliokuwa wakisikiliza kwamba hata hivyo huyu msichana amejichongea mwenyewe, hakuna aliyemshika. Habari ikasambaa hivyo. Huko mashambani alikopelekwa, alikuta jina lake limetangulia: ndiye yule aliyejichongea.

Mwanzo walimcheka. Wafugaji wa kule walikuwa mabingwa wa kuficha. Afisa akionekana kwa mbali, mnyama mgonjwa anapelekwa nyuma ya nyumba ya bibi na bibi anaagizwa akae mlangoni. Lakini kicheko kilipokwisha, kikabaki kitu kingine. Mzee mmoja alimwambia wazi kwamba afisa anayeweza kujisemea vibaya yeye mwenyewe, hana sababu ya kumsingizia mwenzake. Akampeleka nyuma ya nyumba ya bibi. Kulikuwa na ndama mwenye homa, hakikuwa kitu kikubwa, lakini ilikuwa mara ya kwanza katika kituo kile mfugaji kumwita afisa kabla afisa hajanusa mwenyewe.

Kutoka hapo kazi ilikua kama mnavyoijua. Mwenye bucha alikuwa akiona mapafu yasiyompendeza, anayafunika na kumwita. Mwenye mashine ya kusaga, ambaye kila mwanamke wa eneo lile hupita kwake na habari zake, alikuwa akisikia mbuzi wa fulani wametupa mimba, anatuma ujumbe. Simu za picha zilipoingia, ndiyo kabisa. Simu ya Mama Beseni imejaa ndimi, fizi, kwato na pua zinazochuruzika, na picha za harusi ya binti yake zimechanganyika humo humo, kiasi kwamba ukitaka kumwona bibi harusi lazima upite kwanza kwa ng'ombe mwenye vidonda vya mdomo. Mumewe, shemeji yetu fundi cherehani, anasema ameoa mwanamke mmoja lakini analala na wafugaji wote, kwa jinsi simu inavyoita.

Wengi wenu mnakumbuka ugonjwa wa miguu na midomo ulipotuzunguka pande zote, majirani zetu wakafunga minada kwa msimu mzima. Kwetu uliingia pia. Ulikuwa ndani ya lori lililokwisha kupakiwa, limefungwa na turubai, dereva amekaa. Mwenye mifugo, tajiri ambaye hakuna aliyemtegemea kusema, alimwona fahali mmoja anachechemea na kutokwa udenda. Alimwambia dereva ateremke, akampigia simu Mama Beseni, akamwambia njoo kabla sijabadili mawazo. Ugonjwa uliishia kwenye ua wake. Tuzo ilikuja kutoka makao makuu kwa ofisi nzima, na Mama Beseni, aliyeagizwa kwenda kuipokea, alikataa, akasema mpelekeni mwenye fahali. Tulimpeleka kweli, amevaa koti la kuazima, na picha ile bado iko ukutani karibu na jokofu.

Kila tukimsifu kwa lile jambo la ujana wake alikuwa anakasirika. "Nilikosea, nikasema nimekosea," alikuwa akisema. "Sasa shujaa yuko wapi hapo?" Na kwa kweli angependa hadithi iishie hapa, apewe saa ya ukutani, aende zake. Lakini wafugaji wana mapenzi yao.

Mwezi uliopita, viongozi wa wafugaji wa maeneo saba waliketi bila yeye kujua. Wakakubaliana kwamba mtu aliyehangaika na mifugo ya watu maisha yake yote bila kumiliki hata mmoja hawezi kwenda kustaafu mikono mitupu. Kila eneo litoe mbuzi jike mmoja, tena aliye bora. Wakakusanywa saba, wakafungwa utepe mwekundu shingoni, wakapandishwa kwenye pikapu moja, bega kwa bega, wakapelekwa nyumbani kwake kwa nderemo na honi.

Wenzangu wa taaluma nadhani mmeshashika tama. Mbuzi saba kutoka maeneo saba, hawajapimwa, wamebanana kwenye pikapu moja! Ni kosa ambalo Mama Beseni amelihubiri tangu ana ujana mpaka mvi, na wanafunzi wake watiifu walilifanya lote kwa mpigo, kwa ajili yake. Majirani wanasema alisimama getini amejishika mdomo, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. Angemwambia nani arudi na zawadi yake? Akawapokea mmoja mmoja. Kisha, wageni walipoondoka, akawahamishia nyuma ya karakana ya shemeji, mbali na njia, akaweka beseni mlangoni, akakataza mtu kuwazoea.

Sherehe ya leo ilipangwa kufanyika uani kwake. Mahema yalikuwa yameshaagizwa na shemeji ameshashona vitambaa vya viti mia mbili, rangi ya krimu. Wageni wenyewe mnawajua, ni ninyi: wafugaji kutoka kila kona, ambao mngekuja na buti zenu, mkaenda kuwaona mbuzi wenu wanaendeleaje, mkawapapasa, kisha kila mtu akarudi kwake zizini.

Siku chache kabla, asubuhi, mbuzi mmoja hakuinuka kula. Macho yalikuwa na matongo mazito, pua inachuruzika, mdomo unanuka, nyuma amechafuka. Shemeji anasema mkewe alijua kabla hajainama. Shemeji huyo huyo, na hajifichi, alimwomba asubiri. Alimwambia mbuzi anakohoa tu, hata mimi nakohoa. Alimwambia ngoja sherehe ipite, ni siku chache, umengoja miaka yote hii. Na jambo la tatu alilisema kwa sauti ya chini, nalo ndilo lililokuwa zito: huyu mbuzi ana mwenyewe. Ukitoa taarifa, watauliza ametoka eneo gani, watakwenda kufunga kwake, na yule mzee aliyekuchagulia mbuzi wake bora ataonekana amekuletea ugonjwa siku ya kuagwa kwako. Atauweka wapi uso?

Simu ya ofisi niliipokea mimi. Sauti niliijua, lakini maneno sikuyazoea. "Habari za kazi," alisema. "Naomba kutoa taarifa ya mbuzi mgonjwa. Mimi ni mfugaji." Nikacheka, nikamwambia mama acha utani, umeanza lini ufugaji? Hakucheka. Akanieleza dalili, akaeleza mbuzi wamefika lini na kwa gari gani, nani ameingia bandani na nani hajaingia. Kisha akanielekeza nyumba yake, mahali ambapo nimekula chakula mara nisizoweza kuhesabu: ukipita mashine ya kusaga, nyumba ya pili, geti la kijani. Hapo kicheko kilinikauka. Nilichukua kalamu, nikaandika kama ninavyowaandika wengine.

Tulikwenda siku hiyohiyo. Tuliosha buti, tukachukua damu na sampuli za pua, tukafunga kamba getini na kubandika tangazo la karantini kwenye mlango ambao nimeupita kama wa kwetu. Majibu yalikuwa yale tuliyoyaogopa. Sotoka. Yule mbuzi alikufa, na wa pili akamfuata; watano waliobaki hawakuonekana na ugonjwa, lakini ilibidi wapimwe tena.

Mzee aliyetoa mbuzi yule niliagizwa kumpigia mimi. Nilizunguka na maneno, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nani ametoa taarifa. Nikamwambia, mwenyewe Mama Beseni. Ndipo akashusha pumzi, akasema kwamba hata pale kwake kuna wawili wameanza kukohoa, na tangu juzi alikuwa anajiuliza amwambie nani, maana ataanzaje kusema kuwa kwake kuna ugonjwa na zawadi imeshatoka? Tulifika kwake kesho yake tukiwa na chanjo. Tulichanja eneo lake lote na maeneo yanayolizunguka. Mpaka naandika haya, sotoka haijatoka nje ya mazizi hayo mawili. Mzee yule yuko hapa leo, mstari wa mbele, ameruhusiwa kwa nguo safi na viatu vipya, na naomba mtakapomaliza kusikiliza mkampe mkono, maana na yeye alisema.

Aliyetakiwa kuketi kwenye kiti kikubwa hayupo. Kwa kanuni angeweza kuoga, kubadili nguo na kuja. Tulimsihi hivyo. Alisema mtu anayewahudumia mbuzi walio karantini kutwa haendi kukaa katikati ya wafugaji mia mbili kwa ajili ya kupigiwa makofi. Kwa hiyo sherehe tumeihamishia kwenye uwanja wa ofisi, vitambaa vya krimu vimekuja bila mshonaji, kwa sababu shemeji naye yuko karantini na anatuagiza tusivimwagie soda. Simu iko hapa mezani imewekwa sauti ya juu. Anatusikia. Mkisikia mbuzi akilia katikati ya hotuba, msishtuke, ni upande wake.

Mama, hapa ndipo ninapotakiwa kugeuka na kusema nawe. Kwa niaba ya ofisi, ya maabara, ya madereva uliowatukana na ya wale uliowasahau kuwatukana, tunakushukuru. Umetufundisha kuosha viatu na kutazama mdomo wa mnyama kwa subira. Zaidi ya hayo umetufundisha kumkaribisha mtu anayekuja na habari mbaya juu yake mwenyewe, kumpa kiti na kumsikiliza bila kumdhalilisha. Tutakukosa sana. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na utulivu, wewe na shemeji, wajukuu wakusumbue, na simu yako iite kwa salamu tu. Kalamu zangu nimekusamehe.

Ukurasa huu wa mwisho haumo kwenye vijitabu mlivyonavyo mikononi. Nimeuandika leo asubuhi, baada ya gari la maabara kufika, na sijamwonyesha mtu, hata mkuu wetu ambaye ameniuliza mara tatu. Taratibu zetu zinataka majibu apewe kwanza yule aliyetoa taarifa. Basi, kwa mfugaji wa nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga, mwenye geti la kijani: mbuzi wako watano waliobaki wamepimwa, na kwa mara ya pili hawana ugonjwa. Ni wako, wazima. Asante kwa kutuambia.